Msumeno wa nakshi ukianza kusumbua, anza na bledi

Mashine yangu ya kwanza ya kukatia nakshi niliifumua siku ya pili baada ya kuipata. Kila nikisukuma mbao mbele inaruka na kugonga meza, ta-ta-ta-ta, hadi jirani akaja kuuliza kama tunabomoa ukuta. Nikahukumu kwamba beringi zimekufa. Nikafungua mkono wa juu, nikapanga skrubu zote juu ya gazeti, nikapaka grisi, nikafunga. Ikaendelea kuruka. Jioni ya siku ya tatu akapita mzee mmoja seremala wa mtaani kwetu. Akachomoa plagi kwanza, kisha akapitisha kidole taratibu kwenye bledi, kutoka mezani kwenda juu. Kikateleza kama kwenye kioo.

"Mwanangu," akasema, "bledi umeivisha kichwa chini."

Meno ya bledi hutazama chini. Kidole kikipanda lazima kikwaruzwe, kikiteleza, geuza. Siku tatu, pamoja na nusu kopo la grisi, vilipotea kwa jambo la sekunde kumi, na tangu hapo sigusi bisibisi kabla sijabadilisha bledi. Ninaozungumza nao ni wale wenzangu wa kujifurahisha jioni na wikiendi, wenye ule msumeno wa umeme wenye mkono mrefu kama shingo ya cherehani, bledi yake nyembamba ikipanda na kushuka katikati ya meza. Si jigiso ya kushika mkononi. Ile ina matatizo yake mengine.

Mbao inaruka, inagonga meza

Kama meno yanatazama chini na bado inaruka, hesabu meno. Ndani ya unene wa mbao yanatakiwa yawepo walau 3 kwa wakati mmoja. Ukikata plaiwudi ya milimita 3 kwa bledi yenye meno 12 kwa inchi, jino moja na nusu ndilo linalofanya kazi. Linakwama kwenye ukingo na kuinua kipande chote. Kwa plaiwudi hiyo mimi hutumia bledi namba 1 au 3. Namba 5 hadi 7 naziweka kwa mbao ya milimita 18 au 20, na namba 9 kwa mbao nene na ngumu. Namba ikipanda, bledi inakuwa pana na meno yanakuwa makubwa.

Kuna bledi ambazo meno machache ya chini kabisa yamegeuzwa yatazame juu, ili kusafisha upande wa chini wa mbao. Nzuri sana, ila zina mtego. Zungusha mashine kwa mkono hadi bledi ifike juu kabisa, kisha tazama: meno yaliyogeuzwa yanayochungulia juu ya meza yawe 2 au 3 tu. Yakiwa 6 yanainyanyua mbao kila mpigo. Izamishe bledi zaidi kwenye kibano cha chini, kile kinachoshika ncha yake, na ikigoma kuzama punguza ncha yake kwa koleo.

Mbao iliyopinda itagonga hata ukifanya yote hayo. Irande kwanza au itafutie kazi nyingine.

Bledi zinakatika ovyo

Hapa ndipo lawama nyingi humwangukia aliyekuuzia bledi. Wakati mwingine ni kweli, lakini okota kwanza vile vipande viwili utazame zimekatikia wapi.

Ikikatikia karibu kabisa na kibano, juu au chini, ujue pale inapobanwa inakunjwa kila mpigo, kama waya unaoukunja huku na huku hadi ukatike. Vibano viwili havijanyooka pamoja, au skrubu inaibana bledi upande. Funga bledi mpya, simama mbele ya mashine, zungusha kwa mkono na uitazame: ikiyumba kushoto na kulia inapopanda na kushuka, legeza kibano cha chini, sogeza kidogo, funga tena.

Ikikatikia katikati, mkosaji ni mkono wako. Unasukuma. Msumeno huu haupendi kusukumwa. Unailisha mbao, kisha unaisubiri. Utajua unasukuma ukiona bledi inapinda kwa nyuma kama upinde. Na sababu ya kusukuma, mara nyingi, ni kwamba bledi imeshakuwa butu na wewe hutaki kuitupa. Kwenye mbao ngumu bledi moja inaweza kuisha makali ndani ya nusu saa au chini ya hapo. Ichukulie kama wembe wa kunyolea. Mtu anayejaribu kubana matumizi ya bledi huishia kupoteza mbao, nayo ni ghali zaidi.

Ikikatika dakika hiyohiyo uliyoifunga, angalia mkazo. Mimi hutumia njia mbili. Ya kwanza ni sikio: ikwanyue kwa ukucha kama uzi wa gitaa. Ikilia "dub" imelegea. Inatakiwa itoe mlio mwembamba, safi, wa juu. Ya pili ni kidole: isukume kwa ubavu, katikati, bila nguvu nyingi. Isiende zaidi ya milimita 3. Ikienda zaidi, kaza. Isipokwenda hata kidogo na mkono wa mashine unalalamika, legeza. Kisha, baada ya dakika chache za kukata, ikwanyue tena, kwa sababu bledi mpya hunyooka kidogo ikishaanza kazi na mkazo hupungua.

Ukimaliza kazi ya siku legeza mkazo, usiiache bledi imekazwa usiku kucha.

Bledi inachomoka kwenye kibano

Mlio mmoja wa "tap!" na bledi inaning'inia. Bledi mpya hutoka kiwandani na mafuta ya kuzuia kutu, nayo ndiyo yanayoteleza. Futa ncha zote mbili kwa kitambaa chenye thina, kisha zikwaruze kidogo kwa msasa laini. Kibano nacho kisafishe ndani, na tazama ncha ya skrubu yake: ikishang'aa kama kioo imekwisha kushika, ipige msasa mara chache.

Usikaze kwa plaisi. Niliwahi kufanya hivyo, nyuzi za skrubu zikaliwa, na kibano chenyewe nikakisubiri wiki 5 kije na basi kutoka Dar es Salaam.

Tukiwa hapohapo: kuna bledi zenye pini ndogo nchani, za kutundikwa, na kuna zile bapa zisizo na kitu. Zote kwa kawaida ni inchi 5. Za pini ni rahisi kuvisha, ila kila tundu la ndani ya nakshi lazima liwe pana ili pini ipite. Kwa nakshi nyembamba hilo halifai. Za bapa zinapita kwenye tundu la milimita 1 au 2. Kama mashine yako inakubali za pini tu, ulizia kibano cha kubadilishia kabla hujanunua mashine nyingine.

Mkato haufuati mstari

Unasukuma mbao sawasawa mbele na mkato unakwenda kulia. Kila mara kulia. Hilo si kosa. Bledi nyingi huchongwa kwa namna inayoacha kijinundu cha chuma upande mmoja, na upande huo unakula mbao kuliko mwenzake. Mafundi wenye uzoefu hawapigani nalo. Wanaugeuza ubao digrii chache hadi mkato ufuate mstari, na wanakata hivyo maisha yao yote. Mgeni anayetoka kwenye msumeno wa meza ndiye anayeteseka, kwa sababu kule amezoea kusukuma kwa kufuata ukingo wa kuongozea mbao. Huku hakuna ukingo. Chukua kipande kibovu, chora mistari 10 iliyonyooka, ukate yote. Ukifika wa sita mkono utakuwa umeshajua pembe yake.

Bledi ikianza ghafla kuhama wakati mwanzoni ilikuwa inafuata vizuri, basi imekuwa butu upande mmoja, au mkazo umepungua. Nyuzi za mti nazo huvuta, hasa kwenye mbao laini kama msonobari, ambayo mistari yake myeusi ni migumu na katikati yake ni laini kama mkate.

Juu pamenyooka, chini pameenda upande

Umetengeneza fumbo la vipande kwa ajili ya mtoto. Kila kipande kinaingia kutoka juu na hakitoki kwa chini, au kinyume chake. Kabla ya yote tazama ubavu wa mkato. Ukiwa umelala kama mteremko ulionyooka, tatizo ni meza. Ukiwa umevimba katikati kama tumbo la pipa, tatizo ni mkazo, bledi inajipinda ndani ya mbao.

Meza usiiamini alama zake za digrii. Ile sindano imewekwa kwa kukisia. Weka guniya ndogo, kile kipimo cha pembe mraba, mezani, iguse bledi, uone mwanga. Ila guniya nayo inadanganya, kwa sababu bledi ni nyembamba mno na jicho linachoka. Kuna jaribio ambalo mimi naliamini kuliko chombo chochote. Chukua kipande cha mbao nene, sentimita 4 au 5, chenye pande zilizonyooka. Kisogeze mbele ya bledi, ukate kidogo tu, milimita 2 au 3. Zima mashine. Sasa kizungushe kipande kikiwa kimelala palepale mezani, ukipeleke nyuma ya bledi, ule mkato utazamane na mgongo wa bledi. Usikipindue juu chini. Bledi ikiingia yote ndani ya mkato bila kugusa, meza imekaa sawa. Ikigusa juu na kuacha nafasi chini, meza imelala, na kosa unaliona mara mbili ya ukubwa wake, kwa hiyo hata jicho langu la miwani linalipata. Legeza meza, sogeza unywele mmoja, rudia.

Mbao inaungua, ukingo unakuwa mweusi

Harufu huja kabla ya rangi. Punguza kasi, badilisha bledi, na usisimame sehemu moja ukiwaza pa kugeukia. Mashine nyingi huenda mipigo kama 400 hadi 1,800 kwa dakika. Kwa mbao ngumu na nene mimi hukaa chini ya nusu.

Kisha selotepu. Bandika ile pana ya kufungia maboksi, inayoonyesha, juu ya mbao kabla au baada ya kubandika mchoro. Nilipoambiwa mara ya kwanza nilidhani ni utani. Siyo. Tepu hiyo hulainisha bledi inapopita, na ukingo unatoka msafi. Jaribu kwenye ubao mmoja, nusu na tepu, nusu bila, uone mwenyewe.

Lakini kuna kuungua kunakotoka kwenye mti wenyewe. Nilikuwa nakata ubao wa mvule niliookota kwenye fremu ya mlango wa zamani, bledi mpya kabisa, na baada ya sentimita 20 ikaanza kutoa moshi. Nikabadilisha. Sentimita 15 nyingine, moshi. Nikampelekea yule mzee ubao. Akautazama kwenye mwanga, akaonyesha kidoa cheupe kama chokaa ndani ya nyuzi. Huo mvule una jiwe, akaniambia. Na kweli ni jiwe: mvule huhifadhi ndani yake kalsiamu kaboneti, jamii ileile ya chokaa, wakati mwingine madonge makubwa ya kuvunja meno ya msumeno wa kiwandani. Huwezi kulizuia. Unakipisha kipande hicho, au unatenga bledi 4 za kufa nazo. Msaji nao unakula makali, kwa sababu una silika, kitu kilekile kilichomo kwenye mchanga. Mkangazi na mninga vinakatika kwa amani zaidi, na kwa anayejifunza ningemwambia aanze na mkangazi. Mpingo ni mgumu kama chuma na unachoma bledi. Ukate polepole, vipande vyembamba, na uwe na subira ya mvuvi.

Vumbi la mvule na la mpingo huwasha pua, macho na ngozi. Vaa barakoa nzito, si kitambaa.

Upande wa chini una manyoya

Plaiwudi ndiyo bingwa wa kosa hili. Bledi ikishuka inasukuma nyuzi za chini, na hakuna kitu cha kuzishika kwa sababu tundu la meza ni pana. Ziba hilo tundu: kata kipande cha plaiwudi nyembamba au plastiki bapa, toboa kitundu cha bledi tu, kibandike mezani kwa tepu. Hiyo peke yake huondoa sehemu kubwa ya tatizo. Bledi yenye meno ya chini yaliyogeuzwa inamalizia. Kama unakata nakala 3 au 4 kwa mpigo, zipange na uweke kipande kibovu chini kabisa, kiharibike hicho.

Nakshi nyembamba zinavunjika mkononi

Ukipita Mji Mkongwe, Unguja, simama mbele ya Dispensari ya Zamani pale Mizingani, jengo lililoanzwa 1887 na kumalizika 1894 kwa fedha za mfanyabiashara tajiri Tharia Topan. Tazama mbao zilizotobolewa kwenye roshani zake. Hakuna uzi mwembamba unaoelea peke yake. Kila jani limeshikwa na jani jingine, na kila duara lina miguu. Mchoro wako ukipingana na hilo, mashine haina kosa.

Tatizo la pili ni mpangilio. Kata matundu ya katikati kwanza, ukienda nje, na mzunguko wa nje uwe wa mwisho kabisa. Ukianza na nje unabaki umeshika kitu kilaini kama biskuti, na kila tundu jipya linakidhoofisha.

Wanaokata maandishi ya Kiarabu kwa ajili ya ukutani wana shida yao ya ziada. Macho ya wau, mimu na fe lazima yatobolewe mwanzo kabisa, mbao ikiwa bado nzima. Nukta za be na nuni huanguka, kwa hiyo ziwekee daraja dogo la kuziunganisha, au ziweke kwenye bahasha na uzigandishe kwenye ubao wa nyuma. Msipuuze bahasha; mimi nimewahi kufagia nukta za aya nzima, na ilinibidi kumwaga pipa la vumbi kwenye chekecheke. Na alifu ndefu iende na nyuzi za mti, isizikate. Alifu iliyokatwa kinyume cha nyuzi itavunjika tu, hata ukiitilia gundi.

Mchoro unabanduka, au hautoki

Ukibanduka katikati ya kazi, mbao ilikuwa na vumbi. Usipotoka mwishoni, uliibandika karatasi moja kwa moja kwa gundi. Bandika masking tepu, ile ya karatasi, kwanza kwenye mbao, karatasi juu yake, na vyote vitatoka kwa mvuto mmoja. Karatasi iliyokwisha kung'ang'ania ilowanishe kwa tapentaini, ngoja dakika 2, kisha ibandue. Mbali na sigara, tafadhali.

Meza yote inatetemeka

Funga mashine kwa bolti kwenye benchi zito, siyo kwenye meza ya chai. Weka mpira wa tairi kuukuu chini ya miguu yake. Bado? Punguza au ongeza kasi kidogo, kwani kila mashine ina kasi moja inayoichukia. Ikiwa imeanza kugonga "kok, kok" wakati zamani ilikuwa kimya, hapo ndipo beringi na bushi huweza kulaumiwa. Chomoa plagi, shika mkono wa juu, uutikise kushoto na kulia. Ukicheza, fungua. Ndiyo, sasa bisibisi imeruhusiwa.

Haiwaki, au inawaka kwa unyonge

Swichi ndiyo ya kwanza kushukiwa, kwa sababu vumbi la mbao huingia ndani na kuzuia chuma kisiguse chuma. Ipulize kwa hewa ya mgandamizo plagi ikiwa nje. Mashine zenye mota ya kaboni, vile vijipande vinavyopeleka umeme ndani ya mota, huwa na vifuniko viwili vya plastiki ubavuni. Fungua uone kama kaboni zimebaki fupi. Ekstensheni ndefu na nyembamba nayo huinyonga mota, pitisha mkono kwenye waya uone kama una joto.

Wengi tumetumiwa mashine na ndugu walio nje. Iliyotoka Dubai haina shida, umeme wao ni kama wetu. Iliyotoka Marekani imetengenezwa kwa volti 120. Ukiichomeka kwenye 230 utasikia harufu kabla hujasikia mlio. Unahitaji transfoma, na iwe kubwa kuliko wati zilizoandikwa kwenye kibandiko. Kitu ambacho wauza transfoma hawasemi ni kwamba haibadilishi Hz (mizunguko ya umeme kwa sekunde) 60 kuwa 50. Mashine ya kasi moja yenye mota ya kawaida isiyo na kaboni itazunguka polepole kwa moja ya sita na kupata joto zaidi, basi ipumzishe kila baada ya robo saa. Zenye kitufe cha kubadilisha kasi mara nyingi hazijali Hz, zinajali volti.

Kipulizio hakipulizi

Vumbi linafunika mstari na wewe unapuliza kwa mdomo, linaingia machoni. Kijimrija kikiwa kimekunjika kinyooshe, kikiwa kimenyooka angalia kile kimfuko cha mpira nyuma ya mkono wa mashine. Joto la pwani hukipasua ndani ya mwaka au miwili, na kukipata dukani ni bahati. Usikitafute. Nunua pampu ndogo ya tangi la samaki, unganisha mrija wake na kijimrija cha mashine, uifunge kwenye mguu wa benchi. Inapuliza kwa mfululizo, hata mashine ikienda polepole, kuliko kile cha kiwandani kilivyowahi kupuliza. Yangu ilitoka kwenye tangi la wanangu, na kelele nilizopigiwa zilikwisha tu nilipowakatia samaki wawili wa mkangazi.